Nyumba ya Nyoka Si Tundu la Kuku

Majira ya kufyeka mashamba yakifika, watu wa Mzenga huwakuta nyoka, wala hilo si jambo la ajabu. Mzenga, penye kituo cha reli ya TAZARA katika wilaya ya Kisarawe, ni nchi ya mihogo, mikorosho na vichaka. Palipo na mazao pana panya, na palipo na panya, nyoka hufuata chakula chake.

Mara nyingi nyoka huyo huuawa papo hapo. Lakini wako vijana wenye moyo mwingine. Tuseme kijana mmoja amekuta chatu mdogo, urefu wake haujafika mita moja, ngozi yake ina madoa mazuri ya kahawia. Badala ya kuinua jembe anamfunika kwa tenga, anamleta nyumbani na kusema, "Mama, tazama! Huyu hana sumu. Nitamfuga." Watoto wa jirani wanakusanyika. Jioni baba akirudi, anakutana na swali moja tu: usiku wa leo nyoka huyu atalala wapi?

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo tutakalolizungumza leo. Watu wengi hulijibu upesi: "Mtieni katika tundu la kuku, fungeni kwa kamba." Jibu hilo halimfai nyoka, tena haliwafai watoto wanaolala chumba cha pili.

Habari ya Campbellton

Mwezi wa Agosti mwaka 2013, katika mji mdogo wa Campbellton, jimbo la New Brunswick nchini Kanada, watoto wawili wa kiume waliozaliwa tumbo moja, wa miaka 4 na miaka 6, walikwenda kulala kwa rafiki yao. Katika nyumba hiyo mlikuwa na chatu wa Afrika, mwenye urefu wa zaidi ya mita 3 na uzito upatao kilo 24, aliyefungiwa katika kizimba kikubwa. Usiku chatu aliingia katika bomba la kupitishia hewa, akatambaa juu ya dari, akaanguka mahali walipolala watoto wale. Asubuhi walikutwa wamekufa.

Shauri lilipelekwa mahakamani, na mwaka 2016 mwenye nyumba alionekana hana hatia. Hatukuileta habari hii ili kumhukumu mtu. Tumeileta kwa sababu ya neno moja lililosemwa mahakamani: kifuniko cha bomba la hewa hakikuwa mahali pake, na ilidhaniwa kuwa nyoka mkubwa kama yule hawezi kupenya.

Ajali za namna hii ni nadra sana. Lakini inatufundisha jambo ambalo seremala na mwenye nyumba hawana budi kulishika: kizimba hupimwa kwa tundu lake lililo dogo kuliko yote. Mbao zikiwa nene, kufuli ikiwa kubwa, kioo kikiwa kizuri, vyote ni kazi bure kama pembeni pamebaki upenyo.

Kwanza mjue ni nani

Kabla ya kutafuta mbao, mtambue nyoka. Kwetu Pwani wako wengi wasio na madhara, na wako wenye kuua. Yuko nyoka wa kijani akaaye mikoroshoni na miembeni mwenye sumu kali, na wako wengine wa kijani, wembamba, wasio na sumu ya kumdhuru mtu, nao kwa macho ya haraka hufanana. Mtoto wa kifutu, mnene na mfupi, huweza kudhaniwa na asiyejua kuwa ni mtoto wa chatu. Kosa hilo hulipwa kwa kidole au kwa roho. Kama hujui kwa yakini, usimshike.

Koboko, swila, kifutu na wote wenye sumu hawafai kukaa katika nyumba ya watu, hata kizimba kiwe cha chuma. Yasemwayo hapa chini juu ya vipimo na mlango ni kwa nyoka asiye na sumu, na kwetu mtu akisema atafuga nyoka, mara nyingi huwa amemwona chatu.

Tena kuna sheria. Chatu ni mnyama wa porini, naye yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kumshika, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa, hata kama umemkuta katika shamba lako mwenyewe. Anayetaka kufuga kweli aanzie ofisi ya wanyamapori ya wilaya Kisarawe, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Mtu asijenge kwanza na kuuliza baadaye.

Atakuwa na ukubwa gani?

Mtoto wa chatu hutoka katika yai akiwa na urefu wa nusu mita na kitu. Ukimwona hivyo, sanduku la sabuni litaonekana kubwa kwake. Lakini chatu akila vizuri hukua upesi, na baada ya miaka michache atakuwa na mita 3. Chatu wa mita 4 huweza kuzidi kilo 30. Kizimbani huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Basi kijana wa miaka 15 aliyemleta leo kwa tenga, atakuwa baba wa watoto, na chatu bado anataka nyumba.

Wafugaji wa zamani walikuwa wakimweka nyoka mkubwa katika sanduku dogo, ajikunje humo miaka yote. Siku hizi wajuao hukataa. Husema nyoka apate nafasi ya kujinyosha mwili wake wote, maana hujinyosha ili chakula kishuke vema, tena asiponyosha viungo hudhoofu na kunenepa vibaya. Kwa hiyo chatu wa mita 3 anataka kizimba chenye urefu wa mita 3, upana usiopungua mita moja, na kimo cha kutosha kuweka gogo la kupandia. Hicho si kisanduku cha kuweka chini ya kitanda. Ni banda zima, na lina gharama ya banda.

Mwenye nyumba apige hesabu hiyo kabla ya kumpa fundi fedha. Mbao hizo zingetosha kitanda cha watoto. Na kuku atakaoliwa na chatu ni kuku ambao familia haitawala wala kuwauza.

Mlango, kufuli na matundu

Mbavu za nyoka hazikuunganishwa kifuani kwa mfupa kama zetu. Kwa hiyo mwili wake hubonyea, na mara nyingi palipopita kichwa mwili nao hupita. Wavu wa kuku una macho mapana. Chatu mchanga hupita katikati yake bila taabu. Aliye mkubwa kidogo husukuma pua katika waya usiku kucha, hata midomo ikachubuka na kuoza. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kulikataa tundu la kuku.

Kuta ziwe za mbao laini au plaiwudi nene, au matofali yaliyopigwa lipu, bila upenyo kwenye pembe. Upande wa mbele uwe wa kioo kinene, au wavu mgumu wenye macho madogo, uliopigiliwa kwa ndani ili nyoka akisukuma usibanduke. Matundu ya hewa yawe madogo na mengi, yapitishe hewa huku na huku, na kila moja lifunikwe kwa wavu uliokazwa kwa skrubu. Misumari mitupu hulegea, nyoka naye ana nguvu na subira. Leo atasukuma, kesho atasukuma, mpaka siku moja msumari utoke.

Mlango uwe na bawaba imara na kufuli yenye ufunguo, si kamba wala kijiti. Ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja ajulikanaye. Kisha kizimba kiwe ndani ya chumba chenye mlango wake, nao hufungwa, na chini ya mlango pasiwe na nafasi ya kupenya, ili nyoka akitoka katika kizimba awe bado hajatoka katika chumba. Chumba hicho kisiwe cha kulala mtu. Kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, mtu apitishe mkono juu ya wavu na kuitikisa kufuli. Kazi hii haizidi dakika mbili.

Neno jingine juu ya macho ya wavu. Nyoka jike aliyeshikwa porini huenda ana mimba. Kifutu hazai mayai, huzaa watoto walio hai, nao ni wengi. Kifutu mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyewekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Cheki, alizaa watoto 156 kwa mara moja. Sasa fikiri: wavu uliomzuia mama usingewazuia watoto wale, na kila mmoja huzaliwa na sumu yake.

Joto: hapa vitabu vya Ulaya vitatupoteza

Nyoka hana joto lake mwenyewe kama kuku au mbuzi. Huota jua akiona baridi, na hukimbilia kivuli akiona joto. Vitabu vingi vya ufugaji wa nyoka vimeandikwa Ulaya na Marekani, penye theluji, navyo husisitiza taa na vyombo vya kupasha moto. Kwetu Pwani, sehemu kubwa ya mwaka, hatari iko upande wa pili. Sanduku la kioo likiachwa juani, au kizimba kikiwekwa chini ya bati lisilo na dari, saa sita mchana ndani huwa kama tanuri. Nyoka hana jasho la kumpoza. Akikosa mahali pa kukimbilia, hufa kwa muda mfupi.

Basi kizimba kikae kivulini, chini ya makuti au penye dari, upepo upite. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 30 hadi 32, na upande wa pili uwe na ubaridi zaidi, kama nyuzi 25 au 26, ili mwenyewe achague. Kipimajoto cha bei ndogo kiwekwe kila upande, maana mkono wa mtu haupimi vizuri. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, usiku ukipoa, inatosha kuziba upepo wa baridi kwa gunia upande mmoja.

Vitu vya ndani

Nyoka ni mnyama mwoga, ingawa watu hawamdhanii hivyo. Asipopata pa kujificha huishi kwa hofu siku zote, hukataa chakula, na huwa mkali. Mpe kisanduku chenye mlango mdogo, kiasi cha kumtosha akijikunja, maana hupenda kuguswa na kuta pande zote. Viwe viwili, kimoja upande wa joto, kimoja upande wa ubaridi.

Maji yawe katika karai zito asiloweza kulipindua, kubwa kiasi cha chatu kuingia na kuloa. Yabadilishwe kila siku. Lakini sakafu yenyewe isiwe na majimaji, maana nyoka akilala penye unyevu siku nyingi hutoka malengelenge tumboni. Hewa ikiwa kavu mno nayo humdhuru, gamba likivuliwa hutoka vipande vipande na kubana ncha ya mkia. Chatu mzima wa afya hujivua gamba lote kwa pamoja, kama soksi.

Chini tandika magazeti, hata hili likishasomwa na watu wote wa nyumbani. Ni rahisi kuyaondoa yakichafuka, na utitiri huonekana juu yake kama vumbi jeusi linalotembea. Utitiri ukiingia hunyonya damu ya nyoka mpaka akadhoofika. Baada ya kusafisha, nawa mikono kwa sabuni, na maji hayo yasimwagwe karibu na vyombo vya kulia. Nyoka wengi, hata wazima, hubeba vijidudu vya salmonela viletavyo kuhara na homa, navyo huwaumiza zaidi watoto walio chini ya miaka 5.

Juu ya chakula, usimtilie panya aliye hai ukaenda zako. Nyoka asiye na njaa humwacha, na panya huyo huanza kumtafuna nyoka mgongoni. Chakula kiwe kimekufa, kitolewe kwa koleo ndefu, si kwa mkono wenye harufu ya kuku. Chatu akizidi mita 2 na nusu, mtu mmoja peke yake asimfungulie. Wawe wawili watu wazima, na watoto wawe mbali.

Wajuao hufanyaje?

Msomaji ataniuliza: mbona wako watu waliofuga hata wenye sumu? Ni kweli, na yafaa tuone walivyofanya. Kusini mwa nchi yetu, Liwale na Newala, aliishi Mwingereza C.J.P. Ionides, bwana nyama aliyejulikana kwa kukamata nyoka, ambao wengi walipelekwa katika bustani za wanyama za ng'ambo. Alifariki mwaka 1968. Alikuwa stadi kweli kweli, hata hivyo katika maisha yake aliumwa mara nyingi. Huko Usukumani, wakamataji wa nyoka walikuwa na chama chao, Bayeye, chenye mafundisho na dawa zake, na ngoma ya chatu bado inakumbukwa Bujora, karibu na Mwanza, mahali alipoanzisha makumbusho Padre David Clement. Kazi hiyo ilikuwa ya kujifunza kwa wazee miaka mingi. Haikuwa ya mtu aliyeamka asubuhi na kuamua.

Kenya, bustani ya nyoka ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961, na James Ashe alianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Kwetu, Barry Bale na mkewe Lynn walianzisha bustani ya nyoka ya Meserani, karibu na Arusha, mwaka 1993, na kando yake ikawekwa zahanati iliyotibu wenyeji walioumwa.

Mahali pa namna hii pakiendeshwa ipasavyo, nyoka mwenye sumu huwa na kisanduku chenye kilango cha kufungia, ili afungiwe humo kwanza kabla ya mtu kufungua kizimba. Juu ya mlango huandikwa jina lake, ili mtu akiumwa, daktari ajue ni sumu gani. Swila atemaye sumu huwekwa nyuma ya kioo, kwa sababu sumu yake hupita katika wavu, na huweza kufika mita 2 au zaidi, ikaingia machoni mwa anayemtazama. Tena hapana budi dawa ya sumu iwe inapatikana kabla ya nyoka kuletwa. Dawa hiyo ni ghali, nayo hukosekana katika hospitali nyingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Nani kati yetu ataongeza hatari hiyo kwa hiari yake, chini ya paa lake?

Na akiumwa mtu, asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, asipoteze saa kwa jiwe jeusi. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kisha naye apelekwe.

Nyumba asiyojenga mtu

Sasa turudi kwa baba yule wa Mzenga, mwenye chatu chini ya tenga na watoto wamezunguka. Ajiulize mambo matano. Je, tunacho kibali? Je, tuna chumba asicholala mtu? Je, tunaweza kujenga banda la mita 3 lisilo na upenyo? Je, tutapata chakula chake kwa miaka 20? Na yuko nani atakayeitikisa kufuli kila jioni, hata siku ya msiba, hata siku ya arusi, hata siku ya ugonjwa? Jibu likiwa hapana kwa moja tu, nyoka huyo hana nyumba hapo.

Kumwua si lazima. Porini ana nyumba isiyomgharimu mtu hata senti. Katika vichaka vile vile chatu hula panya wanaochimbua mihogo na kutafuna mahindi ghalani. Ana malezi yake pia. Utafiti wa Graham Alexander huko Afrika Kusini, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa chatu jike hujikunja juu ya mayai yake ndani ya shimo, hutoka kuota jua, hurudi na joto lile kuwapa, na watoto wakiisha kuanguliwa hukaa nao kiasi cha wiki mbili. Ukikuta watoto wa chatu wengi karibu na shimo la muhanga, usikae hapo kuwahesabu. Mama yao yu karibu.

Kwa hiyo mpigie simu afisa wanyamapori, au mwone mwenyekiti wa kijiji akupatie anayehusika. Wakati mnangoja, weka jiwe juu ya tenga na kivuli juu ya jiwe, na mtu mzima mmoja akae hapo. Kijana aliyemleta asigombezwe. Ameonyesha moyo wa kutoua ovyo, na moyo huo ni wa kutunzwa. Aende pamoja na afisa kumrudisha chatu karibu na pale alipomkuta, mbali na nyumba, asimame kando na kumtazama akiingia kichakani.